Rimoti ya Gari Imegoma: Anza Hapa Kabla ya Kununua Nyingine

Mteja akinipigia simu kwamba rimoti imekufa, swali langu la kwanza huwa si betri. Namwambia: kaa kiti cha dereva, bonyeza swichi ya loki iliyoko mlangoni, uniambie milango mingapi imejifunga. Ikijifunga yote, mota za loki ni nzima na nyaya zake ni nzima, basi shida iko kwenye rimoti au kwenye kipokezi cha mawimbi ndani ya gari. Ukibaki mlango mmoja, hiyo ni mota ya mlango huo au nyaya zake, na rimoti mpya haitausaidia kitu. Usiposogea hata mmoja, weka rimoti pembeni ukafungue kisanduku cha fyuzi.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Ilala, Dar es Salaam. Magari yanayopita mikononi mwangu mengi ni ya Japani yaliyotumika: IST, Vitz, Premio, X-Trail, Demio. Ninayoyasema hapa yanaegemea huko.

Kama una ufunguo wa pili, ujaribu sasa hivi. Ukifanya kazi, gari halina kosa. Tatizo ni kwamba magari mengi yanashuka bandarini na ufunguo mmoja tu.

Haya, betri. Betri inayoisha hujulikana kwa tabia: leo unafungua ukiwa mbali, baadaye inabidi usogee, mwisho unabonyeza umeegemea mlango. Rimoti iliyokata ghafla, hasa baada ya kuanguka au kufuliwa na suruali, mara nyingi haina shida ya betri. Fungua kava kwa bisibisi bapa nyembamba, taratibu, kwenye ile nafasi ndogo ya pembeni. Soma namba. CR2032 maana yake upana milimita 20, unene milimita 3.2. CR2016 ina upana uleule lakini unene wake ni 1.6, kwa hiyo inaingia kwenye nafasi ya 2032 na kucheza humo ndani. Nimekuta watu wamejazia kwa karatasi ya sigara. Nunua namba ileile uliyoikuta, na kabla ya kuitoa ya zamani angalia upande wenye alama ya kujumlisha umetazama wapi. Muuzaji akiwa na mita, mwambie apime mbele yako: betri mpya isome volti 3 au zaidi kidogo. Hizi za kutembezwa barabarani zimekaa juani, zingine zinauzwa zikiwa zimeshachoka.

Betri ya zamani usiiache mezani. Mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili. Hapo ni hospitali moja kwa moja, si kusubiri aitoe chooni.

Ukishafungua, tazama vibati vinavyogusa betri. Huku pwani, jasho na hewa ya chumvi vinaviotesha ukijani. Sugua kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti, acha vikauke, kisha viinue kidogo kama vimelala. Bonyeza kile kiswichi kidogo chenyewe kwenye saketi, bila mpira wa juu. Kikifanya kazi, mpira ndio umetoboka, na kava jipya linatosha. Kisipofanya kazi, huenda risasi ya kuchomelea iliyokishika imepasuka. Kazi hiyo mpelekee fundi simu mwenye mkono mzuri. Ni ya dakika chache na haina gharama ya kutisha.

Taa nyekundu ya rimoti kuwaka si uthibitisho kwamba mawimbi yanatoka. Kipande kidogo kinachoshikilia masafa ya mawimbi hupasuka kwa kuanguka, taa ikaendelea kuwaka kama kawaida. Na ule mtihani wa kuielekeza rimoti kwenye kamera ya simu uache. Unafaa kwa rimoti ya televisheni, inayotumia mwanga wa infraredi. Hizi za magari yetu zinatumia mawimbi ya redio, na kamera haiyaoni. Fundi wa funguo ana kifaa cha kusoma masafa, atakwambia palepale kama inatoa kitu.

Sasa geukia gari. Toyota nyingi hazisikilizi rimoti kama ufunguo umo kwenye swichi ya kuwashia, na hazikubali kufunga kama zinaamini kuna mlango wazi. Tazama dashibodi: alama ya mlango ikiwaka huku yote imefungwa, swichi ya fremu ya mlango imejaa vumbi au imekwama. Kama taa ya ndani nayo haiwaki, angalia fyuzi iliyoandikwa DOME. Kwenye Toyota nyingi hiyohiyo inalisha na rimoti. Mara kwa mara nakuta imeondoka kidogo baada ya mtu kufungiwa redio. Betri kubwa ya gari ipime ikiwa imepumzika: ikijaa inasoma karibu volti 12.6, na ikishuka chini ya 12 vituko vinaanza.

Kuna kosa moja linalosumbua sana kwa sababu linakuja na kuondoka. Rimoti inafanya kazi nyumbani, ukifika mahali fulani inagoma. Minara ya redio na televisheni inaweza kufunika mawimbi yake, lakini kabla ya kuilaumu minara, chomoa chaja ya bei rahisi uliyochomeka kwenye soketi ya sigara, na kamera ya dashibodi kama unayo. Jaribu tena.

Mtoto akichezea vitufe muda mrefu mbali na gari, namba za siri za rimoti, zinazobadilika kila ukibonyeza, zinaweza kukimbia mbele kuliko zile gari linazotarajia. Simama karibu na gari, bonyeza mara mbili mfululizo. Mara nyingi zinakutana tena. Kwa Nissan nyingi za ufunguo wa kuzungusha kuna njia ya kuisajili rimoti upya mwenyewe: ingia, funga milango na uiloki, chomeka na kuchomoa ufunguo mara sita ndani ya sekunde 10 mpaka taa za hatari zimulike, kisha zungusha hadi ACC (hatua ya kwanza ya swichi ya kuwashia) na ubonyeze kitufe cha rimoti. Zikimulika tena, imekubali. Hiyo ni kwa loki peke yake, haiwashi gari lililokataa ufunguo.

Wenye ufunguo wa smati, ule usiochomekwa bali gari linawashwa kwa kitufe, msihangaike kuvunja kioo. Ndani ya rimoti umo ufunguo wa chuma wa mlango wa dereva. Ukishaingia, kanyaga breki, gusisha rimoti upande wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza kitufe. Kwenye Toyota linawaka hata betri ya rimoti ikiwa imekufa kabisa, kwa sababu chipu, kile kipande kinacholifanya gari liutambue ufunguo wake, inapata nguvu kutoka kwenye gari. Huo ufunguo wa chuma uutumie mara mojamoja, maana kitasa kisichoguswa miaka hujaa vumbi na kutu.

Chipu hiyo ndiyo inayonitia uchungu kwenye biashara ya makava. Mtu ananunua kava jipya Kariakoo, anahamisha saketi, la zamani analitupa jalalani. Kumbe chipu ilikuwa kipande kidogo cheusi kilichobanwa kwenye plastiki. Milango inafunguka vizuri, gari haliwaki. Likague kava la zamani kila pembe kabla hujalitupa.

Na kama lazima ununue rimoti, uliza masafa kwanza. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yanatumia yanayokaribia megahezi 315. Ya Ulaya mengi ni 433. Zinaweza kufanana sura na vitufe, zisisikilizane kamwe. Beba ile iliyokufa ukalinganishe, na siku ya kusajili peleka funguo zote ulizonazo, kwani usajili mwingine hufuta zile ambazo hazipo mezani. Jaribu kila moja, kufunga na kuwasha, kabla hujamlipa fundi.