Jinsi ya kumshukuru jirani mwema wa kijijini bila kumgeuza kibarua wako

Hii ni ya wale wenzangu tuliopo Dar, Dodoma, Mwanza au hata huko Muscat, wazazi wamebaki kijijini wawili au mama peke yake, watoto wote tumetawanyika, na ukweli ni kwamba anayewatunza siku kwa siku sio sisi na vielfu ishirini vyetu vya kila mwezi, ni jirani. Yule mama wa nyumba ya chini akiona mpaka saa mbili asubuhi jikoni kwa bi mkubwa hakujatoka moshi anatupa jembe anakuja kugonga. Yule kijana anayebeba mzee mgongoni mpaka barabarani usiku maana bodaboda haipandi ule mlima na mvua ile. Mimi mambo yangu ni ya Upareni kwahiyo mifano mingi itakuwa ya kule milimani, ila nadhani hata ukiwa wa Njombe au Kagera utajiona humu.

Kwanza kabisa jua ni nani anafanya nini. Wazazi hawasemi. Ukimpigia mama ukamuuliza mko salama atakwambia salama tu mwanangu, hali ya hewa nzuri, na simu inaisha hapo. Muulize kwa kuzunguka: ng'ombe nani kamkatia majani wiki hii ulivyokuwa unaumwa mguu, zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la asili la kumwagilia, nani alienda kufungulia, ile dawa ya presha nani aliifuata dukani. Hapo majina yanaanza kutoka, na mara nyingi sio yale unayoyategemea wewe. Unaweza kukuta yule ndugu wa ukoo unayemtumia hela kila Pasaka hajakanyaga pale tangu mwaka uanze, na anayefanya yote ni mama mmoja hata sio wa ukoo wenu, mtoto wake wa darasa la tano ndo anateka maji.

Sasa ishu kubwa, na hapa ndo watu wengi wa mjini tunaharibu kwa nia njema kabisa. Tenganisha kazi na ujirani. Kuna vitu ni kazi: kulima ekari yenu, kuchunga au kukatia ng'ombe majani kila siku, kusimamia fundi anayejenga, kulala kwenye nyumba tupu kuilinda. Hivyo ni kazi, lipa, na lipa bei ya pale kijijini mliyokubaliana kabla, kwa wakati, bila kumwambia mtu "sisi si ndugu bana" maana hiyo ni njia ya kistaarabu ya kumdhulumu. Alafu kuna gharama alizotoa mfukoni, nauli ya boda, vidonge, vocha aliyoweka ili akupigie wewe usiku. Hizo ni deni sio shukrani, rudisha siku hiyohiyo na uweke na ya kutolea, usimtumie elfu kumi kamili mtu anafika kwa wakala anakatwa.

Lakini kuchungulia kama bi mkubwa kaamka, kumletea moto, kumuazima chumvi, kukaa naye jioni wanachambua maharage wanapiga stori, hiyo sio kazi na usiilipe kama kazi. Najua unaona ni wema tu, unasema kila mwisho wa mwezi namtumia mama fulani elfu thelathini anamuangalia mama. Subiri uone. Mwezi ambao umekwama hujatuma yeye mwenyewe anaona aibu kwenda, asije akaonekana anafuata hela. Na majirani wengine waliokuwa wanapita pita wanaacha, si kuna mtu analipwa bana, aende yeye. Mama yako alikuwa na nyumba sita zinazomtupia jicho, umembakizia moja na hiyo moja ina mkataba. Kwahiyo kama kweli mzazi amefika hali ya kuhitaji mtu wa kukaa naye muda wote, ajiri mtu kabisa, iwe wazi ni ajira, na ujirani muuache kama ulivyo.

Haya sasa unashukuruje kama sio hela. Ujirani unalipwa kwa ujirani, na sehemu ya kwanza ni msiba. Unaweza kupeleka zawadi miaka yote lakini jirani akifiwa na nyinyi hamkuonekana, zawadi zote hizo zimefutika. Kijijini msiba ni kazi ya watu, vijana wanachimba kaburi, akina mama wanakuja na kuni, maji, unga, ndizi, na kuna daftari la rambirambi. Habari ikikufikia piga simu siku hiyo, usitume meseji, piga mwenyewe useme pole. Tuma mchango wako, na hakikisha mama naye ana cha kushika mkononi anapoenda, maana yeye ndo anaonekana. Kama hukuweza kusafiri, safari ya kwanza utakayofika hata iwe ni baada ya miezi sita unaenda pale kwanza kutoa pole, unakaa chini, unasimuliwa ilivyokuwa tangu kuugua mpaka kuzika, na husimami mpaka iishe.

Na hapohapo kuna zawadi moja naipenda kuliko zote, turubai na masufuria makubwa. Vijiji vingi ukipata shughuli unaanza kukimbizana na turubai la kukodi. Watoto wa nyumba moja mkichanga mkanunua turubai zuri na masufuria mawili ya maana yale ya kupikia makande ya watu mia, mnayakabidhi kwa kikundi cha akina mama wa pale, wayatunze wao, sio yafungiwe stoo kwenu mtu aje kuomba funguo. Umeshukuru kitongoji kizima kwa mara moja na hakuna wa kununa.

Kununa kupo jamani tusidanganyane. Ukishuka na gari ukaanza kugawa mchana kweupe, huyu kilo mbili za sukari yule kitenge, umeacha vita na wewe kesho unarudi mjini, anayebaki nayo ni mama. Vitu vyote mkabidhi yeye, jioni mkiwa wawili, mwambie hiki ni cha fulani na hiki cha fulani, yeye atajua ampe nani lini na aseme nini. Nasisitiza hapa: shukrani ipite mkononi mwa mama. Jirani ni wake, sio wako. Ikitoka kwake inamuongezea heshima pale anapoishi, ikitoka kwako moja kwa moja anaonekana mzee asiye na kitu ambaye mtoto ndo anamsemea.

Vitu vyenyewe sasa. Sukari, majani ya chai, mche wa sabuni, mafuta ya kula, hivi havikosei popote. Khanga nzuri sana kwa akina mama ila soma maandishi kwanza nakuomba!! Muuzaji anakupimia rangi tu, unafika kijijini jirani anafungua doti anakuta maneno ya kumsuta mwenye wivu, na hapo hata ukieleza vipi haieleweki, wataijadili mwaka mzima. Kwa wazee wa milimani, koti zito au gambuti, maana kule Juni na Julai baridi inauma. Tochi ya sola pia inapendwa. Nguo za mitumba ulizochoka nazo wewe sio zawadi, kama unapeleka peleka lakini zifue, na useme ni nguo nilizokuwa navaa, usizifunge kama zawadi.

Kama jirani ni mkulima, na wengi ndo hao, fikiria kalenda ya shamba na sio kalenda ya likizo yako. Sisi tunapeleka vitu Desemba maana ndo tunaenda, lakini mfuko wa mbegu bora ya mahindi unaomfikia mwanzoni mwa Machi kabla masika haijaanza una maana kuliko soda kreti tatu za Krismasi. Maeneo yenye vuli hivyohivyo, ifike kabla ya Oktoba kuisha. Na kwenye mavuno kuna kitu watu wengi hawakifikirii, ile mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, wanaiita mifuko ya kinga njaa. Ndani ina plastiki mbili nje mfuko wa kawaida, unajaza mahindi yaliyokauka vizuri, unafunga kila plastiki peke yake kwa kukaza, wadudu wanakosa hewa wanakufa bila dawa yoyote. Mkumbushe tu mahindi yakiwa na unyevu yataoza humo ndani, na panya akitoboa kazi imeisha. Mifuko mitatu minne ya hiyo kwa mtu anayevuna gunia tatu nne ni kama umempa gunia lingine.

Alafu pokea. Hili watu wa mjini hatulijui, tunataka kutoa tu. Jirani akisikia umekuja atakuletea mkungu wa ndizi, mayai, tangawizi, au kuku amefungwa miguu kabisa. Usiseme "jamani msijisumbue, basi limejaa." Pokea kwa mikono miwili, tia kwenye buti, ukifika Mbezi utajua cha kufanya. Ukikataa umemwambia kwamba wewe ni wa kutoa na yeye ni wa kupewa. Na ile sahani aliyoletea makande hairudi tupu, muulize mama kuna nini cha kutia humo, hata ndizi mbivu mbili tatu, mtoto airudishe.

Ukiwa kule usikae ndani na simu unatafuta mtandao. Jioni ya kwanza au asubuhi yake zunguka nyumba za karibu, shikamoo mzee, shikamoo mama, kaa, kunywa chai uliyopewa hata kama umeshakunywa tatu. Kama kuna msaragambo siku hizo, watu wanazibua mfereji au wanatengeneza barabara, toka na jembe. Hata ukilima kizembe watakucheka lakini umetoka. Picha piga, ila usirekodi unapokabidhi zawadi ukarusha status, na zile za familia ulizowapiga zisafishe mjini uzirudishe kwenye karatasi maana wengi wana kitochi, picha iliyopo kwenye simu yako wao haiwahusu.

Kuna shukrani moja inahitaji uangalifu, kumuachia jirani alime shamba lenu bure. Ni nzuri sana, shamba halikai pori na yeye anapata chakula. Lakini sisi Wapare wanatusema tunauza ng'ombe tushinde kesi ya kuku, kwahiyo nisikilize kwenye hili. Madai ya kurudisha ardhi mahakamani yana ukomo wa miaka 12, ikipita hiyo umechelewa kudai. Ni kweli mtu aliyekaribishwa kulima, mahakama humuita mwalikwa, na mwalikwa hageuki mmiliki kwa sababu tu amekaa muda mrefu, lakini ukishafika huko utahitaji kuthibitisha kwamba ulimkaribisha, na wazee waliokuwepo siku hiyo unakuta wameshaondoka. Andikeni karatasi moja, mtaje mipaka ya shamba, mazao ya msimu tu, hakuna kupanda kahawa wala migomba wala mti wowote wa kudumu, mashahidi wawili, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Jirani mwema hatachukia, yeye mwenyewe inamlinda na ndugu zako watakaokuja kumfukuza mahindi yakiwa yamebeba.

La mwisho ndo zito kuliko yote, na litakukuta tu. Siku jirani amepewa rufaa ya hospitali kubwa, KCMC au Muhimbili, au mtoto wake kapata chuo mjini na hajui pa kushukia, namba atakayopiga ni yako. Hapo ndo miaka yote ya moshi wa jikoni kwa bi mkubwa inarudishwa. Ongea na mwenzio nyumbani mapema, kabla simu haijaja, mjue godoro la ziada lipo wapi na mnaweza kukaa na mgeni kwa muda gani, maana kliniki haziishi kwa siku moja na mgonjwa atarudishwa rudishwa. Mpokee stendi mwenyewe au tuma mtu anayemjua kwa sura. Nenda naye mara ya kwanza hospitali umuoneshe dirisha la kadi liko wapi na maabara wapi, siku zingine atajimudu. Kama huwezi kumlaza kwako sema mapema akiwa bado kule, umtafutie chumba cha bei nafuu karibu na hospitali, usimwambie "njoo tu" alafu simu haipatikani. Na hiyo namba yako iandikwe kwa maka peni nyuma ya mlango kwao, sio kwa mama tu, maana simu ya kitochi ikizima chaji na laini ikipotea hakuna anayekumbuka tarakimu kumi za mtu wa Dar.