Somo: Kufuatilia asili ya ukoo kwa sisi wa Tanga, hasa wajukuu wa manamba

Kila mwisho wa mwaka, watu wakirudi nyumbani kwa likizo, naletewa swali lile lile: "Babu yetu alikuja Tanga kukata mkonge, akafia hapa, kwao hatukujui. Tuanzie wapi?" Leo najibu kwa urefu, maana kiu hiyo naijua. Babu mzaa baba yangu naye alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, na ilinichukua miaka sita kukifikia kijiji alichotoka.

Kabla ya hatua zenyewe, lishikeni hili. Nyaraka hazimjibu anayeuliza "sisi ni akina nani?" Zinamjibu anayekuja na jina, mahali na mwaka. Ukifika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, bila hivyo vitatu utarudi mikono mitupu, na nauli imekwenda.

Hatua ya kwanza: wazee

Usimuulize bibi mwaka. Muulize tukio. Nilipomuuliza bibi yangu dada yake mkubwa alizaliwa lini, alinijibu kwamba mambo ya miaka wanayajua waliosoma. Nikageuza swali: vita vya Mjerumani vilimkuta? Akaacha kupepeta mchele, ungo ukabaki mapajani. "Alikuwa mgongoni mwa mama siku ile nyuki walipowakimbiza Wazungu."

Hivyo ni vita vya Tanga, Novemba 1914, askari wa Mwingereza waliotoka India waliposhuka pwani yetu, nyuki wakawavamia katikati ya mapigano. Mtoto wa kubebwa mgongoni siku hiyo alizaliwa baina ya 1912 na 1914. Mwaka nikaupata kwa swali moja.

Jitengenezee kalenda ya namna hiyo: vita vya Abushiri 1888 na 1889, kuanza kujengwa kwa reli hapa Tanga 1893, vita vya 1914, Uhuru 1961, mashamba ya mkonge kutaifishwa 1967. Kila mzee ana pake pa kujishikiza.

Kisha majina, yote. La kuzaliwa, la jandoni au unyagoni, la dini, la utani, la kazini. Mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne, na lile mnalolijua nyumbani huenda ndilo pekee lisiloandikwa popote. Omba ruhusa, rekodi kwa simu, na usimkate mzee akipotea njia ya hadithi. Mara nyingi huko anakopotelea ndiko kuna jambo.

Hatua ya pili: sanduku la bati

Kila nyumba ina sanduku chini ya kitanda, au bahasha ndani ya msahafu. Tafuta stakabadhi za kodi, cheti cha ubatizo, karatasi ya ndoa, kadi ya TANU, kipande cha shambani (ile kadi ya kuhesabia siku za kazi). Picha zigeuze, usome nyuma.

Kwetu ilikuwa stakabadhi moja ya kodi ndani ya kopo la maziwa ya unga, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika, maandishi yamepauka kama maji ya rosela. Baba alikuwa ameipita mara ngapi sijui. Maisha yetu yote tuliambiwa sisi ni watu wa Songea. Karatasi ilisema Tunduru, na chini yake jina la jumbe, yaani mkuu wa kijiji wa enzi hizo. Babu aliichukua kwao ili asidaiwe tena njiani. Jina la jumbe ndilo lililotufikisha, kwa sababu kule jumbe anakumbukwa na eneo lake.

Karatasi ya namna hiyo usiipeleke duka la stesheneri ikafungwe plastiki. Joto linaiharibu na haitoki tena. Ipige picha mbele na nyuma, iweke kwenye bahasha kavu.

Hatua ya tatu: daftari za dini

Wakatoliki wamefika Bagamoyo 1868, wakaanzisha hapo kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Waanglikana wako Magila, Muheza, tangu karne ya 19. Ukipewa nafasi ya kuona daftari la ubatizo la Wakatoliki, usisome mstari wa jina peke yake. Tazama pembeni. Hapo huandikwa baadaye kipaimara na ndoa, pamoja na mahali ilipofungwa, na wakati mwingine ndipo unapoona babu alihamia wapi.

Kwa Waislamu, tafuta karatasi za ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Tarehe nyingi ni za Hijria, basi zibadilishe kwa jedwali, si kwa kukisia: Shaaban 1317 iliangukia Desemba 1899.

Hatua ya nne: nyaraka za serikali

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, Dar es Salaam. Ina majalada ya Mjerumani na ya Mwingereza. Uliza utaratibu kabla ya kusafiri. Ukifika, usiombe jalada la babu, maana halipo. Omba la wilaya, la kodi, la kazi mashambani, halafu umtafute humo.

Kwenye za Mjerumani kuna mtego wa tahajia. Yeye aliandika alivyosikia kwa sikio la kwao: Juma ni Dschuma, Bagamoyo ni Bagamojo, Muheza ni Muhesa. Andika jina lako kwa sura zote kabla hujakaa mezani. Usidharau magazeti nayo: Kiongozi lilitoka hapa Tanga enzi za Mjerumani, Mambo Leo lilianza 1923, na yote mawili yamejaa majina ya walimu, makarani na wasomaji.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Pongwe: Shikamoo mwalimu. Kwenye cheti cha baba, jina la babu ni "Mangoni". Ndilo jina la ukoo?*

Marahaba. Sidhani. Shambani mtu aliitwa kwa kabila lake, na karani akaandika alichosikia. Huenda hiyo ni "Mngoni" tu. Na angalia, wengi waliotoka kusini walitiwa kwenye jina hilo hata kama si Wangoni. Anza na rika la babu: nani alikaa naye kambi moja?

*Mwanachama, Bagamoyo: Bibi kaniambia faraghani kwamba mama yake alinunuliwa akiwa mtoto. Wajomba hawataki litajwe.*

Pole, na umshukuru bibi kwa kukuamini. Aibu si ya aliyenunuliwa. Andika alivyosema, kwa maneno yake, uweke. Mjerumani alikuwa akitoa hati za uhuru, na utumwa haukufutwa kabisa kisheria Tanganyika hadi 1922, kwa hiyo karatasi zaweza kuwapo. Majina waliyopewa sana watumwa, kama Feruzi, Mabruki au Baraka, yafuatilie, lakini usimhukumu mtu kwa jina peke yake. Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, nazo zina kumbukumbu za walioachwa huru. Usitangaze chochote kabla hujakaa na mjomba mkubwa, ninyi wawili tu.

*Mwanachama, Mwanza: Niko mbali, naweza kuanzia kwenye simu?*

Unaweza. Mpigie mzee kwanza. Kisha tazama hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani iliyoko Berlin, Bundesarchiv. Majalada mengi ya wizara yao ya makoloni yanasomeka bure kwenye intaneti. Karatasi za misheni ya Magila ziko Oxford.

*Mwanachama, Pangani: Tuna barua ya herufi za Kiarabu. Ustadhi wa kijana anasema haielewi.*

Kwa sababu huenda si Kiarabu. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo. Salamu za mwanzo huwa za Kiarabu, halafu baada ya "waama baadu" Kiswahili kinaanza. Mtafute mwalimu wa zamani wa chuo cha Kurani, umwombe aisome kwa sauti huku unarekodi. Akifika mahali akasema pamefutika, mwache aendelee mbele, halafu mrudishe pale pale. Mara ya pili, akiwa ameshazoea mkono wa mwandishi, hupasoma.