Ukiongea na mtu mzima mwenye usonji, zima redio kwanza
Kama una ndugu au mfanyakazi mwenzako mwenye usonji (autism, yaani ubongo uliokua kwa namna tofauti), na ukimsemesha penye kelele anakujibu "eeh?" kila mara, usikimbilie kudhani hasikii au ana dharau. Mdogo wangu alipimwa masikio, majibu yakatoka safi kabisa. Shughuli iko kwenye ubongo: kuichomoa sauti ya mtu mmoja katikati ya sauti nyingine. Mtafiti Colin Cherry wa Uingereza aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1953, baada ya kuwavalisha watu hedifoni na kulipatia kila sikio maneno yake. Waliweza kufuata upande mmoja na kuuacha mwingine. Kwa wengi wenye usonji mchujo huo una kazi kubwa zaidi. Feni, redio ya jirani, vyombo vinavyooshwa, vyote vinagombania nafasi na maneno yako.

Basi zima redio, mwite jina, sema sentensi moja, kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Hapa ndipo tunapoharibu (mimi nilikuwa bingwa): akichelewa kidogo tunasema upya kwa maneno mengine, naye inabidi aanze moja. Ukilazimika kurudia, rudia maneno yaleyale.

Jambo refu mwandikie. Mdogo wangu huyo huyo, niliyekuwa namwita mara tatu kutoka jikoni, meseji ya "chai tayari" anaijibu kabla sijaweka simu mezani.