SOMO: Kuchagua saizi ya nyuzi za gitaa la teno

Wakuu habari zenu, leo tuongelee gitaa la teno, lile la nyuzi nne lenye shingo nyembamba ambalo wengi wakiliona wanajua ni ukulele. Lilishika Marekani miaka ya 1920, wapiga banjo ya teno walikuwa wanataka sauti ya gitaa bila kuanza kujifunza vidole upya, ndo maana tuni yake ya asili ni ile ile ya banjo yao, C G D A kuanzia nene kwenda nyembamba. Sasa mtu anaingia dukani anauliza "nyuzi za teno zipi nzuri", hapo muuzaji atakupa chochote. Kinachoamua ni tuni yako na urefu wa uzi, ladha inakuja baadaye.

HATUA YA 1. Pima. Toka kile kimfupa cha juu kinachoshika nyuzi karibu na kichwa mpaka freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), halafu zidisha mara mbili. Teno nyingi zinaangukia inchi 21 hadi 23 (inchi 23 ni kama sm 58).

HATUA YA 2. Amua tuni. Ziko tatu zinazotumika sana: CGDA niliyosema, GDAE ambayo ni kama mandolini ila oktavu moja chini na wapiga muziki wa Ireland wanaipenda sana, na DGBE ambayo ni nyuzi nne nyembamba za gitaa la kawaida, wenyewe wanaiita tuni ya Chicago. Kama tayari unapiga gitaa na unataka kutumia kodi zako (mikao ya vidole) zile zile basi hiyo ya tatu, haina ubishi.

HATUA YA 3. Saizi. Namba ni unene kwa sehemu za elfu za inchi, yaani 10 ni kama milimita 0.25. Kwa inchi 23 anzia hapa:

CGDA: 32, 22, 14, 10
GDAE: 46, 32, 22, 12
DGBE: 32, 24, 16, 12

Kuanzia 22 kwenda juu ziwe zile zilizozungushiwa waya. Kwa saizi hizi kila uzi unavuta kama kilo 8 mpaka 11, shingo inakaa salama. Kama la kwako ni fupi, inchi 21, panda namba moja au mbili maana nyuzi zitakuwa legelege.

HATUA YA 4. Dukani. Seti ya teno kwenye maduka yetu usiitegemee, nunua seti ya gitaa la kawaida la akustiki uichambue. Ya DGBE ndo rahisi kuliko zote, chukua 12-53 (yaani nyembamba kabisa ni 12, nene kabisa 53), funga nne nyembamba kama zilivyo. Ya CGDA tafuta 10-47, ndani kuna 10, 14, 23, 30, C italegea kidogo ila inapigika. Ya GDAE rudi kwenye 12-53 uchukue 12, 24, 32, 42, ile 16 na 53 weka akiba.

HATUA YA 5. Kufunga, badilisha moja moja. Ukihamia nyuzi nene angalia kama zinakaa kwenye mifereji ya kile kimfupa, zikigoma usilazimishe, mpelekee fundi apige tupa.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi nilichukua gitaa la kawaida nikaliacha na nyuzi nne natuni CGDA, uzi wa A unakatika kila nikikaribia, nikashuka mpaka 9 bado unakatika, tatizo nini?

Jibu: Kaka hilo lako litakuwa inchi 25.5. Uzi mwembamba unahitaji mvuto mdogo, sawa, lakini na nguvu yake ni ndogo vile vile, kwa hiyo kupunguza namba hakukuokoi, kinachokata ni urefu na sauti unayoitaka. Tuni zote chini toni moja, B bemoli, F, C, G, halafu weka kapo (kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya 2. Umepata CGDA na urefu uliobaki ni kama inchi 22.7, yaani teno kabisa.

Swali: Samahani mwalimu, nina nyuzi za CGDA, si naweza kuzilegeza tu ziwe GDAE bila kununua nyingine?

Jibu: Unaweza dada, ila kila uzi utabaki na kama asilimia 56 ya mvuto wake, utagonga freti na sauti itayumba. Kujaribu wimbo mmoja sawa. Kinyume chake ndo usithubutu, kukaza nyuzi za GDAE zifike CGDA mvuto unapanda karibu mara 1.8, hapo unatafuta daraja (kile kipande cha mwilini kinachoshika nyuzi) ling'oke.

Swali: La kwangu la umeme, nimefunga zile za shaba nyekundu nyekundu, mbona nyuzi mbili nene hazisikiki vizuri kwenye spika?

Jibu: Pikapu ya sumaku (kile kinasa sauti chini ya nyuzi) inasikia chuma, ule waya wa shaba wa nje haiuoni, inasoma kiini cha ndani tu. Weka za nikeli, namba zile zile.