Jinsi ya Kulijaribu Barabarani Gari la Lexus RX 450h Lililokwisha Kutumika

Mtu anayeketi kwa mara ya kwanza kwenye usukani wa Lexus RX 450h huvutwa na ukimya wake, na muuzaji mzoefu analijua hilo. Viti vya ngozi na mlango unaojifunga kwa mlio mzito humsahaulisha mnunuzi kwamba amekuja kukagua injini ya petroli ya V6 yenye ujazo wa lita 3.5, mota za umeme na betri kubwa ya volti 288, vitu ambavyo kila kimoja huchoka kwa wakati wake. Maelezo haya yanahusu hasa kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2009, ingawa mengi yanafaa pia kwa kile kilichokifuata mwaka 2015.

Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na ukifika gusa boneti uhakikishe kuwa ni ya baridi, kwa sababu gari lililokwisha kupashwa moto huficha kasoro nyingi. Kanyaga breki, bonyeza kitufe cha kuwashia, kisha subiri taa ya READY. Usishangae usiposikia injini. Baada ya muda mfupi injini itajiwasha yenyewe ili ipate joto, na huo ndio wakati wa kusikiliza kama inagonga au inatetemeka kupita kiasi. Mvumo mfupi wa pampu ya breki unaosikika mlango unapofunguliwa au pedali inapokanyagwa ni wa kawaida. Pampu hiyo ikirudia kuvuma kila baada ya muda mfupi bila breki kuguswa, kuna uwezekano kwamba mfumo wa shinikizo la breki umeanza kuchoka, na matengenezo yake ni ya gharama kubwa kiasi cha kubadili kabisa hesabu ya ununuzi.

Ondoka taratibu, redio ikiwa imezimwa. Mahali ambapo magari mengine huweka mshale wa mizunguko ya injini, hapa pana kipimo chenye maeneo ya Charge (kuchaji betri), Eco (kubana mafuta) na Power (nguvu nyingi). Mshale ukibaki Eco na betri ikiwa na chaji ya kutosha, gari linaweza kutambaa kwa umeme peke yake. Injini inapoingia kazini unapaswa kuihisi kidogo tu, bila mshtuko. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, ngurumo ya injini itapanda na kukaa juu huku mwendo ukiongezeka polepole nyuma yake, jambo linalomfanya dereva aliyezoea gia boksi ya kawaida adhani kwamba kuna kitu kinateleza. Ndivyo mfumo huu ulivyoundwa, kwa kuwa hauna gia za kubadilishwa hatua kwa hatua. Breki nazo zinahitaji kuzoewa: mwanzoni mota hupunguza mwendo huku zikirudisha umeme kwenye betri, kisha breki za mafuta hupokea, na makabidhiano hayo yasiwe na mshtuko.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote hufanyika gari likiwa limesimama, na foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, mchana inatosha kabisa. Washa kiyoyozi, ambacho kompresa yake huendeshwa kwa umeme na kwa hiyo hupoza hata injini ikiwa imezimika, kisha tazama alama ya chaji kwenye skrini. Betri nzima hushuka polepole. Betri iliyochoka huporomoka haraka, injini ikawaka, chaji ikapanda ghafla, na mzunguko huo ukajirudia baada ya muda mfupi. Wakati huohuo mwombe mwenzako aketi nyuma na asikilize feni za betri, ambayo imewekwa chini ya kiti cha nyuma. Feni zikivuma kwa nguvu muda wote, kagua matundu ya hewa yaliyopo hapo, kwani vumbi, mazulia na mizigo huyaziba na kuipa betri joto linaloimaliza mapema.

Tafuta pia mwinuko, kwa mfano barabara ya Pugu kuelekea Kisarawe, na mahali palipo salama rudi nyuma ukipanda, kwa sababu gari hili hurudi nyuma kwa nguvu ya mota za umeme. Kwa matuta na mashimo maelezo ni mafupi: pita taratibu, vioo vikiwa wazi, usikilize bushi na shokapu. Fahamu kwamba hata lenye kuendesha magurudumu manne halina shafti ya kwenda nyuma, bali mota ndogo ya umeme, hivyo ni gari la lami na changarawe zaidi kuliko la tope zito.

Mkirejea, fundi aunganishe kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kabla hujataja bei. Namba ya hitilafu P0A80 ikijitokeza, mfumo wenyewe unaeleza kwamba betri kubwa inahitaji kubadilishwa. Orodha ya hitilafu ikiwa tupu kabisa, mwombe fundi aangalie kama haikufutwa asubuhi hiyohiyo.