Kutembea kwa Mwenye Maumivu ya Kiuno

Maumivu ya kiuno yakishatulia, dawa ya kuyazuia yasirudi upesi ni kutembea: utafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, uliochapishwa mwaka 2024 na kuhusisha watu 701, ulionyesha kwamba nusu ya waliofuata mpango wa kutembea walikaa siku 208 au zaidi kabla ya kuumwa tena, ilhali kwa wasiopewa mpango huo zilikuwa siku 112.

Anza na dakika 5 au 10 kwenye njia tambarare, kisha ongeza kidogo kidogo hadi ufikie dakika 30, siku 5 kwa wiki. Vaa raba; kandambili, zinazokulazimisha kubana vidole ili zisichomoke, hazifai. Tazama mbele, achia mikono ipishane na miguu, na upige hatua fupi, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Maumivu madogo yanayotulia ukipumzika yasikutishe. Yakizidi hadi kesho yake, punguza muda. Lakini mguu ukilegea, ukihisi ganzi sehemu za siri, au ukishindwa kukojoa au kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.