SOMO: Laini ya nyumbani isife na isikufilisi, kwa wanaoishi nusu Kigoma nusu nje

Nimechoka jamani. Wiki hii peke yake watu wanne wamenifuata inbox wanauliza kitu kilekile, laini ya Tanzania unaishije nayo ukiwa nje, na mmoja kanipigia kabisa saa nne usiku nikiwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwa namba ya Tanzania, yani nikipokea ndo naliwa mimi. Naandika mara moja hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii halafu nalala.

Mimi mtu wa Kigoma, miezi mitatu niko nyumbani miezi mitatu niko Bujumbura, mzee wangu anafanya kazi kule na mi nauza vitenge huku na huku. Humu nitaongelea Burundi zaidi maana ndo ninakokujua, ila wa Kalemie na Uvira kule Kongo mtaokota chenu. Bei siandiki, bando zinabadilika kila ukigeuka.

Kitu cha kushika ni kimoja: ukiwa nje, laini ya Tanzania kazi yake ni kupokea meseji basi. Meseji za benki, za M-Pesa, namba za kuthibitisha. Kuongea na intaneti ni kazi ya laini ya kule.

Hatua ya 1. Uwe na simu ya laini mbili, au smartphone na kitochi.

Hatua ya 2. Namba zote kwenye simu zisave kwa +255, siyo kwa 07 au 06. Ukiwa Tanzania sufuri za kupiga nje ni tatu, Burundi ni mbili, utachanganyikiwa bure. Alama ya jumlisha inafanya kazi kote na WhatsApp ndo inaitaka hiyohiyo.

Hatua ya 3. Washa roaming, yani laini iweze kushika minara ya nchi nyingine, UKIWA BADO NYUMBANI. Piga 100 uongee na mhudumu au nenda dukani kwao. Ukishavuka Manyovu ndo unakumbuka, hamna wa kukusaidia.

Hatua ya 4. Hii soma taratibu, ndo iliyoniumiza.

Mwaka 2021 nilipanda boti Kibirizi naenda Kagunga, kesho yake nivuke Nyanza Lac. Nimejaza vocha ya elfu ishirini ya dharura na juu yake nina bando la wiki, najiona mjanja. Simu nimeiviringisha kwenye khanga ndani ya mkoba sababu maji yalikuwa yanaruka, tumepita Gombe, tumepita Mwamgongo, sijaigusa. Usiku Kagunga nimekaa nakula ugali kwa mgebuka naitoa naikuta ya moto kama imetoka kwenye jiko. Meseji tatu. Ya kwanza inanikaribisha Burundi, na mi miguu yote miwili iko Tanzania. Ya pili salio limekwisha. Ya tatu inaniuliza kama nataka kukopa.

Kilichotokea ni kwamba mnara wa nyumbani ulififia nyuma ya vile vilima, simu ikajishikia wa Burundi yenyewe, na data roaming, yani intaneti kwa mnara wa nje, nilikuwa nimeiacha wazi. Ile programu ya kuhifadhi picha ikapata nafasi yake, ikaanza kupandisha video za harusi ya mdogo wangu moja baada ya nyingine. Na bando nililonunua ni la ndani ya nchi, kwenye mnara wa nje halihesabiki, kwa hiyo ilikuwa inakata salio tupu. Nilienda kulalamika kwa kampuni (siitaji), dada wa watu akanigeuzia kioo cha kompyuta, "mfumo unaonesha umetumia mwenyewe". Na kweli nilitumia, sema sikujua.

Kwa hiyo, na hapa naomba mnielewe kabisa:

- Zima data roaming kwenye laini ya Tanzania. Izime leo ukiwa umekaa nyumbani, siyo ukishafika mpakani. Meseji na simu zitaingia kama kawaida, kinachofungwa ni intaneti tu.

- Kwenye simu ya laini mbili kuna sehemu ya kubadili data kiotomatiki, yani bando la laini moja likiisha simu inahamia nyingine bila kukuuliza. Zima na hiyo. Wengi wanazima ya kwanza wanaisahau hii, halafu siku wamewasha data roaming kwa shida fulani wakasahau kuizima, imekula kwao.

- Ukikaribia mpaka ingia kwenye mipangilio ya mitandao ya simu, toa "chagua kiotomatiki", chagua mtandao wako kwa mkono. Ukifika Buja (Bujumbura) RUDISHA kiotomatiki, la sivyo laini itaendelea kuutafuta mnara wa Kigoma ambao haupo, hutapata meseji hata moja na chaji itaisha mchana. Mara mbili nimesahau, mara moja benki walikuwa wananitumia namba ya kuthibitisha, nikazungushwa siku nzima.

Hatua ya 5. Usibebe salio. Pesa iache M-Pesa au Airtel Money au popote unapoweka, kwenye salio iwe elfu moja, mbili. Laini ya kulipia kabla haiwezi kukata kisichokuwepo. Na ile ya kukopa salio usiiguse ukiwa nje.

Hatua ya 6. Laini ya kule nunua dukani kwa kampuni yenyewe, na pasi yako, kwa jina lako. Zile za kuuziwa kituoni "imeshasajiliwa dada" achana nazo, siku mwenye jina akiitaka anaichukua na hela zako za Lumicash (M-Pesa ya Lumitel, kampuni ya simu ya Burundi) humohumo.

Hatua ya 7. WhatsApp. Ukiweka laini mpya itakuuliza kama umebadili namba. Kataa. Inabaki na namba yako ya Tanzania hata kama intaneti inatoka Lumitel. Weka ile PIN ya hatua mbili, zima kupakua picha na video zenyewe, washa kutumia data kidogo kwenye simu.

Hatua ya 8. Laini isife. Kampuni wanachukua namba isiyotumika muda mrefu wanampa mtu mwingine. Mi kila baada ya wiki mbili natuma meseji moja nyumbani, "mzima?", basi. Inauma kidogo lakini hailingani na kumkuta mgeni kwenye namba uliyoiunganisha na benki. Na ikipotea ukiwa nje ujue hairudishwi kwa simu, wanataka kitambulisho cha NIDA na kidole chako pale pale, kwa hiyo unapanda gari unarudi. Kabla ya safari piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta unayoitegemea ina jina la shemeji.

Maswali yaanze, ila someni kwanza.

Mpitanjia: Asante dada. Sasa mi nina bando la mwezi, nikifika Buja litaendelea au?

Mama Vitenge: Hatua ya 4.

Mpitanjia: Nimeona ndefu sana dada, nijibu tu ndiyo au hapana

Mama Vitenge: Hapana.

Fundi Redio: Shikamoo mama. Naomba kuuliza, kuna herufi R ndogo inatokea pembeni ya alama ya mnara, ndo hiyo roaming? Maana mi niko Kagunga hapahapa sivuki na naiona kila jioni.

Mama Vitenge: Marahaba mwanangu. Ndo hiyohiyo. Ukiiona R ujue umeshikwa na mnara wa jirani hata kama umekaa kwenu kibarazani, na hapo mtu akikupigia wewe unayepokea unaweza kukatwa. Wa Kagunga ndo mnaoliwa kuliko hata sisi tunaovuka, sababu hamjihesabu kama wasafiri. Wewe weka mtandao kwa mkono moja kwa moja usiurudishe. Kukiwa hakuna mnara bora isome hakuna huduma kuliko R.

Kitu kingine, ukiingia kwenye orodha ya mitandao ukakuta namba tupu badala ya majina, angalia tatu za mwanzo. 640 ni Tanzania, 642 Burundi, 630 Kongo. Nimeokoa watu wengi kwa hiyo.

Fundi Redio: Hiyo ya namba sikuijua kabisa, Mungu akubariki. Nimeangalia sasa hivi simu ilikuwa kwenye 642 🙆🏾

Kaka wa Kalemie: Mbona unawatisha watu. Mi natumia Airtel huku na Airtel kule, kampuni ni ileile, hamna cha roaming wala nini.

Mama Vitenge: Rangi ndo ileile kaka. Airtel ya Kongo na Airtel ya Tanzania kila moja ina leseni yake na bei zake, Voda ya Kongo na ya Tanzania hivyohivyo. Hata Halotel na Lumitel mwenye mali ni mmoja, Viettel ya Vietnam, ila nenda na laini ya Halotel pale Buja uone kama wanakuchukulia ndugu. Wakiwa na ofa ya roaming kati ya nchi hizo watakutangazia wenyewe, soma masharti, usikisie kwa rangi.

Kaka wa Kalemie: Sawa ila mi sijawahi kukatwa

Mama Vitenge: Angalia salio kabla na baada ya kupokea simu halafu rudi hapa.

Bi Mwanga: Dada yangu mi nimefuata kila kitu, data roaming imezimwa, salio dogo, lakini nikiwa kule linapungua na wala sipokei simu. Naacha inaita tu hadi inakata. Ni nini?

Mama Vitenge: Bi Mwanga umeuliza swali ambalo lilinichukua mwaka mzima kujua. Utakuwa umewasha kuhamisha simu, ile ya kwamba usipopokea iende kwenye ujumbe wa sauti au namba nyingine. Sasa ukiwa Burundi, mtu anakupigia, simu inasafiri kutoka Tanzania inakufuata (ya kwanza hiyo), hupokei, inageuka inarudi Tanzania kwenye ujumbe wa sauti (ya pili), na zote mbili zinaweza kukatwa kwako. Hujaongea na mtu umelipia safari ya kwenda na kurudi. Piga ##002# kama unavyoangalia salio, inafuta kuhamisha kote. Fanya hivyo kabla ya kuvuka.

Bi Mwanga: Nimepiga imeandika imefutwa! Kumbe mwanangu ndo aliweka nikiwa kwenye kikoba asinikose. Sasa dada, mama yangu Ujiji ana kitochi, hana WhatsApp, tunaongeaje?

Mama Vitenge: Wangu ni hivyohivyo. Nimemfundisha kubipu, aite mara moja akate, usipopokea hamna anayekatwa. Nikiona bipu namcheki mpwa wangu WhatsApp, anampelekea simu yake tunaongea kwa kuonana kabisa. Na Ijumaa baada ya swala mpwa anapita hata kama hajabipu. Bando la mpwa namnunulia mimi, ni la ndani, rahisi kuliko dakika za kimataifa mara nyingi sana. Sema bibi anashika simu sikioni wakati wa video, miezi yote naangalia hereni yake tu.

Bi Mwanga: 😂😂 hereni!

Mtoto wa Kasulu: Dada yangu yuko Dubai, kila nikimpigia WhatsApp haiingii, nimembadilishia hadi bando. Tatizo bando?

Mama Vitenge: Siyo bando. Kule simu za WhatsApp zimezuiwa, meseji na sauti za kurekodi zinapita. Wengi wa huko wanatumia Botim, programu nyingine ya kupigia simu, muulize, atakuwa nayo.

Fundi Redio: Mama kingine, jana hiyo R ilipotokea na saa ya simu ikarudi nyuma. Ni mtandao huohuo?

Mama Vitenge: Huohuo. Burundi wako nyuma yetu saa moja, Kalemie na Uvira vilevile. Simu ikishika mnara wao inajipangia saa zao. Mzee wangu aliachwa na basi la Tabora kwa hilo, kalala kwa jamaa kule mpakani Manyovu, kaweka kengele, imelia kwa saa ya Bujumbura, anafika stendi wanamwambia limeondoka muda mrefu. Kwenye mipangilio ya tarehe na saa zima kiotomatiki, chagua Dar es Salaam.

Kaka wa Kalemie: Nimeangalia salio

Mama Vitenge: Ehe?

Kaka wa Kalemie: Hiyo ##002# inapigwa na alama zote mbili mwanzo?

Mama Vitenge: Zote mbili mwanzo, moja mwisho. Karibu kaka.